Dirisha Moja Lazima Lifunguke

Nimeacha kuchomelea kwa sababu ya macho na kifua, si kwa sababu ya kuchoka. Hasira yangu bado iko kazini. Nawaandikia ninyi vijana wa Ndosho na mitaa ya jirani hapa Goma mliojifunza kazi hii kwa kuangalia video kwenye simu, mkanunua posti, mashine ya kuchomelea iliyozungushwa waya kwa mkono, mkatundika kibao barabarani wiki hiyo hiyo. Sina ugomvi na simu. Hata mimi sikukalia dawati kujifunza chuma. Lakini simu haikuchapi mkono ukikosea, na mteja hajui pa kuangalia, kwa hiyo mnabaki mnajisifu wenyewe kwa wenyewe, na mji mzima unafungwa kwa vyuma vyenu.

Nianze na mastiki, maana hiyo ndiyo inanipandisha presha. Mastiki ni ya kuziba kibonyeo kidogo kwenye bodi ya gari. Ninyi mmeifanya kuwa fundi wa pili. Mnachomelea pembe ya mlango, inatoka imejaa matundu, halafu badala ya kusaga na kurudia mnapaka mastiki, mnasugua na msasa, mnapiga rangi, na mteja anapiga picha. Nilimkuta mmoja wenu karibu na soko akilainisha geti namna hiyo kwa upendo mkubwa. Nikamwomba nyundo, nikagonga pembe kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi. Mastiki ikadondoka yote, nikaona pikipiki zikipita upande wa pili. Hakuona haya. Aliniambia mteja anaangalia rangi. Mficha uchi hazai, wazee walisema, na geti lile nalo halitazaa kitu ila msiba.

Sikilizeni basi, kwa kuwa mmekataa kuja kwenye ateliye, karakana yangu, nikiwa bado na nguvu. Chuma kisafishwe mpaka king'ae mahali unapounganisha, kutu itoke, rangi ya zamani itoke. Hapa Goma moshi wa mlima wa volkano unashuka na mvua na unakula chuma kuliko mji mwingine wowote ninaoujua, kwa hiyo anayefunika kutu kwa rangi anafunika kidonda kwa shuka. Bageti zako, zile fimbo za kuchomelea, zisilale sakafuni. Zikinyonya unyevu zinatema mate na kuacha matundu. Mimi nilikuwa naziweka juu ya rafu karibu na mbabula, jiko la makaa la mama aliyekuwa akituuzia chai, naye alizilinda kuliko vikombe vyake.

Na utumie masikio. Moto wa kuchomelea ukiwa sawa, unasikika kama sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wanaokaangwa katika mafuta ya kutosha, sauti moja, haipandi haishuki. Ukisikia inapasuka-pasuka, mkono wako uko mbali. Ukisikia imezama na bageti imenasa, uko karibu mno au umeme umeshuka, na hapo usilazimishe. Ukimaliza mstari, gonga lile gamba la juu litoke lote kabla ya kupitisha wa pili. Gamba likibaki katikati, umezika uchafu ndani ya chuma, na siku moja utafukuka wenyewe.

Mnachomelea na miwani ya jua. Halafu jioni mnalia kama mliomwagiwa mchanga, na mama zenu wanakata viazi vibichi wanawawekea juu ya macho. Kiazi kinapoza, sikatai, nami nimelala navyo. Lakini kiazi hakirudishi jicho. Mimi leo namtambua mtu kwa sauti kwanza, sura baadaye.

Na hii habari ya maziwa inanichosha. Mnachomelea mabomba yenye zinki ndani ya chumba kilichofungwa, usiku mnatetemeka kama mwenye malaria, asubuhi mnatafuta maziwa ya Masisi mkisema yanasafisha mapafu. Maziwa yanaingia tumboni. Moshi umeingia kifuani. Hizo ni barabara mbili tofauti. Saga ile zinki kwanza, chomelea nje upepo ukiwa mgongoni mwako, halafu maziwa ukayanywe kwa sababu ni matamu.

Aliyenifundisha mimi ni fundi mkuu, Metre Kasereka kama tulivyomwita, mtu wa Butembo, mfupi, mwenye nyusi za nusu. Nusu nyingine ilichukuliwa na pipa. Alikuwa amelikata pipa lililowahi kubeba petroli, akidhani kwa kuwa ni tupu halina kitu. Pipa tupu ndilo lenye kitu, alituambia tangu siku hiyo, na hakuna pipa lililokatwa katika ateliye yake bila kujazwa maji mpaka shingoni. Alicheka nyusi zake mwenyewe. Kila mteja alipouliza, alisema amezikopesha.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulichekea, nalo ndilo limenifanya nishike kalamu. Ni vile vyuma vya madirisha, antivole. Metre alikuwa amefunga antivole kwenye nyumba moja ya matofali, kazi nzuri, kila pembe imeshika kabisa, hakuna dirisha linalofunguka, kama mwenye nyumba alivyotaka. Siku moja mchana waliitana watu, moto umeshika nyumba ile kuanzia mlangoni. Yeye alikimbia na wengine. Alivuta vyuma vyake mwenyewe kwa mikono, akavipiga kwa nyundo, akavipiga kwa mtaimbo, na vilikataa kwa sababu alivichomelea vizuri. Hakutuambia waliokuwa ndani walikuwa nani wala wangapi. Alituambia tu kwamba walikuwa wanamwita kwa jina.

Tangu hapo, mteja aliyetaka antivole kwa Metre Kasereka alipata madirisha yote yamefungwa isipokuwa moja katika kila chumba cha kulala, ambalo lilikuwa na bawaba na kufuli kwa ndani, na ufunguo juu ya msumari, mbali na kioo ili mkono wa nje usiufikie, chini kiasi ambacho mtoto anaufikia. Mteja akikataa, Metre alimrudishia pesa zake na kumtakia siku njema. Tulipoteza kazi nyingi. Nami nilipofungua ateliye yangu nilifuata njia hiyo, nikapoteza nyingi zaidi.

Hapa Goma watu wanasema nyumba za mbao ndizo hatari. Ni kweli zinaungua haraka, lakini ukuta wa mbao jirani anauvunja kwa teke. Hatari kubwa iko kwa yule aliyefanikiwa, akajenga kwa matofali, akamwita mmoja wenu amfungie kila tundu. Nanyi mnafunga. Mkiulizwa mnasema mteja ndiye alitaka. Daktari akiambiwa na mgonjwa amkate kichwa kwa sababu kinauma, atakata?

Sasa niwaambie ya binti yangu.

Binti yangu Furaha, mama Grace, aliolewa na Janvier, kijana mwenye bidii anayeleta bidhaa kutoka mpakani Bunagana. Walikaa miaka kwenye nyumba ya mbao, kisha wakajenga ya matofali hapo hapo Ndosho. Nilifurahi nao. Wakati wa kufunga madirisha mimi nilikuwa Butembo kwenye matanga ya dada yangu. Niliporudi, nilikuta nyumba nzima imefungwa, na fundi alikuwa Espoir, mmoja wenu, simu mkononi, miwani ya jua kichwani. Alikuwa amepamba dirisha la sebule kwa chui wa nondo. Chui yule alikuwa mbuzi mwenye madoa, lakini hilo ningelisamehe. Nilizunguka nyumba nikisukuma kila dirisha. Hakuna lililofunguka. Mlango wa mbele mmoja, wa nyuma mmoja, yote ya chuma, yote na makufuli.

Nilizungumza na mkwe wangu kwa upole, kama inavyotakiwa. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alisema yeye analala njiani nusu ya mwezi, na akiwa Bunagana usingizi unampata pale tu anapokumbuka vile vyuma. Hofu hiyo naielewa, mji huu umewatisha watu vya kutosha. Mwisho alisema, "Papa, tutaangalia." Ninyi mnajua maana ya tutaangalia.

Basi aliposafiri tena nilikwenda na mashine ya kukata na posti yangu ya zamani, nikamwomba Furaha anifungulie. Hakutaka, kisha alitaka, kwa sababu ni mama. Nilifanya chumba cha watoto peke yake. Kwetu baba mkwe haingii chumba anacholala binti yake na mume wake. Akialikwa kula, macho yake hayavuki pazia la sebuleni. Nilipita mbele ya mlango wao nikitazama sakafu, na dirisha lao likabaki limefungwa kama alivyoliacha Espoir.

Lile la watoto halikunipa kazi. Nilipokata upande mmoja, upande wa pili ulining'inia wenyewe. Chini ya rangi kulikuwa mastiki, chini ya mastiki kulikuwa kutu, na katikati kulikuwa nukta za kuchomelea hapa na pale kama mavi ya kuku. Nilikasirika mara mbili. Dirisha lile lilitosha kumzuia mtoto kutoka, na halikutosha kumzuia mwanaume mwenye mtaimbo kuingia. Nikalisafisha, nikaweka bawaba mbili nzito, nikalichomelea upya, kufuli kwa ndani, msumari wa ufunguo ukutani karibu na kitanda cha watoto, upande anaolala Grace. Nikamfundisha Grace kulifungua. Alilifungua akatoka, akazunguka nyumba, akaingia mlangoni akicheka, akataka kurudia.

Na huo ulikuwa mwanzo wa balaa, kwa sababu mchezo ulipendeza. Watoto walifungua na kufunga dirisha siku nzima, ufunguo ukapotea, ukapatikana, na mama yao akaona afadhali ukae kwenye kufuli lenyewe. Jumapili moja, wote wakiwa kanisani, watu wasiojulikana walivunja kioo, wakazungusha ufunguo, wakaingia kama wageni. Waliondoka na televisheni, na wakaondoka na cherehani ya Furaha, aliyokuwa akishonea nguo za majirani.

Mkwe wangu hakunitukana. Mkwe hamtukani baba mkwe. Alimtuma kaka yake mkubwa, mtu mzima mwenye koti, akaja akakaa, akauliza hali ya kifua changu, akanywa chai yangu, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mdogo wake anaomba nisikanyage tena katika parseli ile, kiwanja chao, mpaka roho zitulie. Furaha hakuja. Nilipokutana naye njiani alinisalimia kama mtu anayesalimia mwenye duka. Hilo lilinichoma, sitawaficha. Nimechomwa na vyuma miaka yote, hakuna kilichoingia ndani hivyo.

Je, nilijuta? Cherehani niliijutia. Dirisha sikulijutia hata kidogo, na kila aliyekuja kunipa pole nilimwambia hivyo, hadi wakaacha kuja.

Siku chache baadaye Espoir mwenyewe akatokea mlangoni kwangu. Alinisalimia kwa heshima zote, akaniulizia afya, akazungukazunguka, mwishowe akasema posti yake haiwashi vizuri kwa sababu umeme wa Ndosho ni dhaifu, na kama muzee anaweza kumwazima yangu kwa kazi ndogo. Nikamuuliza kazi gani. Akatazama viatu vyake. Papa Grace, mkwe wangu, alikuwa amemwita kufunga lile dirisha la watoto.

Kijana huyu alikuja kuazima mashine yangu ili afunge dirisha langu! Nilimwambia maneno ambayo hayafai kuandikwa mahali wajukuu wanasoma. Nilimkatalia mashine. Lakini kwa kuwa nilijua ataipata kwingine, nilimwambia pia, kama mtu anayesema na ukuta, kwamba akichomelea kwenye dirisha la chumba chenye watu atoe godoro, atoe pazia, aweke ndoo ya maji ndani na mtu wa kuangalia cheche. Aliyevaa kinyago cha kuchomelea haoni kitu isipokuwa ile nukta mbele yake. Nyumba inaweza kuungua karibu na sikio lake asijue. Na nikamwambia kama ni lazima achomelee, basi achomelee kama fundi, mstari mzima, si nukta na mastiki. Alisema, "Ndiyo, muzee," akaondoka haraka.

Siku ya kazi sikuweza kukaa. Nilikwenda mpaka kwenye ukuta wa mawe meusi wa jirani yao, nikasimama nje, kwa kuwa ndani nilikuwa nimekatazwa. Ukuta ule unanifika kifuani, na uko karibu na dirisha kiasi cha macho yangu haya kuona. Niliona jenereta ya kuazima ikinguruma uwanjani, na Espoir akiwa amepiga magoti mbele ya dirisha, na afadhali, kinyago usoni. Bawaba zangu alikuwa ameshazikata. Janvier alikuwa ndani ya chumba, ameshika grili kwa mikono miwili akiivuta isimame sawa, kwa sababu kazi ile inahitaji mtu wa ndani. Furaha na watoto walikuwa wamekwenda kuchota maji.

Nilichungulia juu ya bega la Espoir kuona kama wametoa godoro. Hawakulitoa. Ili kupata nafasi ya kusimama, walikuwa wamelisimamisha na kuliegemeza kwenye mlango wa chumba, godoro la sponji la watoto wote watatu. Nikapiga kelele. Jenereta ilimeza kila neno. Mkwe wangu aliniona, nadhani alifikiri muzee amekuja kuleta fujo, akageuza uso.

Cheche za kuchomelea zinaruka mbali kuliko mnavyodhani. Zinadunda sakafuni, zinakimbia, zinaingia mahali na kukaa kimya. Na sponji haiwaki kama kuni, kwanza inayeyuka taratibu, halafu ghafla inatoa moshi mweusi mzito ambao mtu akiuvuta mara chache anaanguka. Niliuona moshi nyuma ya mkwe wangu kabla yeye hajauona. Alipogeuka, godoro lilikuwa limeshika moto juu mpaka chini, na mlango ulikuwa nyuma ya godoro, nao unafungukia ndani.

Sikumbuki niliuruka vipi ule ukuta. Kifua changu kilinikumbusha baadaye, wiki nzima. Janvier alikuwa ameshika vyuma anavivuta, mdomo umefunguka, na Espoir bado anachomelea pembe ya chini, taratibu, kwa bidii, mstari mzima, kama nilivyomwagiza. Nilimvua kile kinyago. Alipoona, alishika chuma chenye moto kwa mikono mitupu na ngozi yake ikabaki pale.

Nilichukua nyundo yake. Pembe tatu zilikuwa bado zimeshikwa na nukta tu, zile nukta zake za siku zote. Niligonga ya juu, ikakatika. Ya pili, ikakatika. Ya tatu niliigonga mara nyingi, nayo ikaachia. Ya nne, ile aliyoichomelea vizuri, ilikataa kama zilivyokataa zile za Metre Kasereka. Tukashika grili sisi wawili, Espoir na mikono yake ile, tukaikunja kuizunguka pembe hiyo mpaka nafasi ya mabega ikapatikana. Nilimvuta mkwe wangu kwa shati, kisha kwa mkanda. Aliangukia juu yangu.

Majirani walikuja na vidumu vya maji, wakapitia mlango wa mbele, wakasukuma mlango wa kile chumba, wakazima. Ukuta ukawa mweusi, kitanda kimekwisha, lakini nyumba ilibaki. Furaha aliingia getini na watoto, akatua kidumu chini, akatuhesabu kwa macho. Kisha akaja akanifuta uso kwa kitenge chake.

Espoir alikuwa amekaa chini, mikono yake ndani ya beseni. Alijaribu kucheka, akasema kwa Kiswahili chetu cha mtaani, ambacho kuchomelea ni kusude. "Muzee, kama ningesude pembe zote muzuri, papa Grace angekufa. Sudure yangu ya mubaya njo imemuokoa."

Nilikuwa na nyundo bado mkononi na Mungu ndiye aliyenishika. "Usitafutie kazi mubaya sifa hapa," nilimwambia. "Kazi yako mubaya njo imeleta moto. Ungetoa godoro nje, kusingekuwa mutu wa kuokoa."

Na ninyi nyote mnaosoma nawaambia hivyo hivyo, kwa sababu najua tayari mnatengeneza utani kuhusu nukta za Espoir. Dirisha linalofunguka si sawa na dirisha lililochomelewa vibaya. Chomelea chuma kishike mpaka wajukuu wa mteja, halafu weka bawaba. Kazi ni hizo mbili pamoja. Anayejua moja tu hajaanza. Mteja akikataa bawaba, mrudishie pesa umtakie siku njema, uende nyumbani ukiwa na njaa. Nimelala na njaa hiyo, haiui.

Mkwe wangu alikuwa ameegemea ukuta wa mawe, anakohoa na kutema weusi. Nilimpa maji. Tangu wizi hakuwa ameniambia neno moja, na wakati huo hakutafuta la kuomba radhi, wala mimi sikulingoja. Aliangalia lile tundu alimopitia, vyuma vimekunjwa, moshi bado unatoka kidogo kidogo.

"Papa," alisema, "batoto banalalaka humu."

"Ninajua."

Watoto walikuwa wameanza kuokota vipande vya sponji iliyoungua na mama yao akawakemea. Kisha Janvier alisimama, akajipangusa mikono kwenye suruali, akapita mlango wa mbele, akavuka sebule, akashika pazia la chumba chao yeye na mkewe, lile ambalo macho yangu hayajawahi kulivuka. Akalivuta mpaka mwisho, akalishikilia wazi kwa mkono wake. Furaha alitazama chini. Majirani walikuwa wanajua wanachokiona.

"Papa, ingia," alisema. "Kuya upime na dirisha ya kwetu."

Nilimwomba Espoir mita yake. Nikavua viatu, nikaingia.